Damu Yako Hutengenezwa Wapi? Somo Juu ya Seli za Damu na Kazi ya Viini Vyake



Wapenzi wanafunzi, katika toleo hili nimeombwa niandike somo la elimu ya viumbe. Nimechagua somo la damu, na sababu yake nitaieleza wazi ili mjue kwamba hata mwalimu hufundishwa.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na mwanafunzi katika darasa la jioni. Alikuwa hodari wa kuhifadhi, lakini alikuwa akikosa sana. Akihudhuria wiki mbili, ya tatu haonekani. Akirudi, macho yake huwa ya njano na mwili umemwisha, na wenzake walikuwa wakimcheka. Jioni moja nilimsimamisha mbele ya darasa nikamwambia kwamba uvivu ni maradhi mabaya. Hakunijibu neno. Kesho yake mama yake alikuja, akatoa mkobani kadi ya kliniki, akaniambia kwa upole: "Ustadh, mwanangu si mvivu. Mwanangu anaumwa damu."

Nilimtaka radhi mama yule. Kisha nikamtaka radhi mtoto mbele ya darasa lile lile nililomfedhehesha. Hata hivyo moyoni lilibaki swali: kuumwa damu ni kuumwa nini hasa? Nilivitafuta vitabu vyangu vya sekondari, nikawauliza wahudumu wa afya, nikasoma upya. Haya yafuatayo ni matunda ya usomaji huo.

1. DAMU NI NINI?

Tukiiangalia damu kwa macho tunaona maji mekundu tu. Ikitiwa katika kichupa chenye dawa ya kuizuia isigande, kisha ikaachwa itulie, hujitenga. Juu hubaki maji ya rangi ya majani makavu, nayo huitwa plazima. Chini hutuama seli, ambazo wengine huziita chembe hai. Seli hizo ni za makundi matatu:

(a) Seli nyekundu. Kazi yake ni kubeba hewa ya oksijeni kutoka mapafuni na kuifikisha katika kila kiungo.

(b) Seli nyeupe. Hawa ndio askari wa mwili dhidi ya vijidudu vya maradhi.

(c) Chembe sahani. Hizi huziba mahali palipokatika ili damu isiendelee kutoka.

Katika milimita moja ya ujazo, ambayo ni sehemu ndogo tu ya tone, mtu mzima mwenye afya huwa na seli nyekundu zinazokaribia milioni 5, chembe sahani kati ya 150,000 na 400,000, na seli nyeupe kati ya 4,000 na 11,000. Hivyo basi seli nyekundu ndizo nyingi mno, na ndizo zinazoipa damu rangi yake.

Wanafunzi wa madrasa wanastahiki pia kujua kwamba safari ya damu kupita mapafuni ilielezwa na Ibn al-Nafis, tabibu aliyezaliwa Damascus na kufariki Cairo mwaka 1288. Yeye aliandika kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, ikapita mapafuni na kukutana na hewa, ndipo ikarudi upande wa kushoto. Lakini seli hakuziona, kwa kuwa hadubini ilikuwa haijatengenezwa. Aliyezieleza seli nyekundu kwa hadubini yake mwenyewe ni Antonie van Leeuwenhoek wa Uholanzi, mwaka 1674.

2. KIINI NI NINI?

Chukua tende uipasue. Ndani utakuta kokwa. Seli nyingi za mwili nazo zina kitu cha duara ndani yake mfano wa kokwa, na hicho ndicho kiini. Jina lake la kitaalamu lilitolewa na Robert Brown wa Uingereza mwaka 1831, alipokuwa akichunguza seli za mimea.

Ndani ya kiini hukaa kromosomu 46. Ishirini na tatu asili yake ni baba, na ishirini na tatu asili yake ni mama. Katika kromosomu hizo kuna jeni, nazo ni maelekezo ya kila kitu ambacho seli itatengeneza. Jeni moja huelekeza namna ya kutengeneza protini fulani, na nyingine huelekeza protini nyingine. Seli ikitaka kugawanyika na kuwa mbili, lazima kwanza kiini kinakili maelekezo yote, ili kila seli mpya ipate nakala kamili.

Kwa ufupi, kiini kina kazi mbili kubwa: kutoa maelekezo ya utengenezaji, na kuiwezesha seli kugawanyika. Zishikeni kazi hizi mbili, kwani somo lote lililobaki limejengwa juu yake.

3. DAMU HUTENGENEZWA WAPI?

Watu wengi hujibu kwamba damu hutengenezwa moyoni. Jibu hilo si sahihi. Moyo ni pampu tu. Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, katika uloto, ambao wengine huuita uboho. Mtu aliyewahi kula supu ya mfupa anaujua, ni ile nyama laini inayofyonzwa katikati ya mfupa. Tabibu Ernst Neumann wa mji wa Königsberg ndiye aliyetangaza mwaka 1868 kwamba seli nyekundu hutoka katika uloto.

Mahali pa kutengeneza hubadilika kulingana na umri:

(a) Mimba ikiwa na wiki tatu hivi, seli za kwanza za damu hutokea katika kifuko kidogo kilicho nje ya mwili wa kiinitete.

(b) Baadaye ini la mtoto aliye tumboni huchukua kazi hiyo, likisaidiwa na wengu.

(c) Kuelekea miezi ya mwisho ya mimba, uloto ndio unaotawala kazi hiyo.

(d) Mtoto mdogo hutengeneza damu karibu katika mifupa yake yote. Mtu mzima huitengeneza zaidi katika uti wa mgongo, mbavu, mfupa wa kifua, nyonga, fuvu, na ncha za juu za mifupa ya mapaja na mikono.

Ndani ya uloto kuna seli chache zinazoitwa seli mama. Mwaka 1961 James Till na Ernest McCulloch, wakiwa Toronto, Kanada, walichapisha majaribio waliyofanya kwa panya. Walionyesha kwamba seli moja ya uloto huweza kuzaa seli za damu za aina mbalimbali. Seli mama inapogawanyika, baadhi ya watoto wake hubaki kuwa seli mama, ili akiba isiishe, na wengine hushika njia ya kuwa seli nyekundu, seli nyeupe au chembe sahani. Seli hizi zote zimerithi maelekezo yale yale. Tofauti yake ni jeni zipi zimefunguliwa na zipi zimefungwa ndani ya kiini.

4. SAFARI YA SELI NYEKUNDU

Tuifuate sasa seli moja iliyoshika njia ya kuwa nyekundu.

Hatua ya kwanza: Seli ni kubwa na kiini chake ni kikubwa, kimejaza karibu nafasi yote. Inagawanyika mara kadhaa, ikawa mbili, nne, nane na kuendelea.

Hatua ya pili: Kiini kinatoa maelekezo ya kutengeneza himoglobini. Hii ni protini yenye madini ya chuma, na ndiyo inayoshika oksijeni. Seli inaanza kujaa himoglobini na kubadilika rangi.

Hatua ya tatu: Kiini kinasinyaa na kukaza. Jeni zinaacha kusomwa moja baada ya nyingine, na seli haigawanyiki tena.

Hatua ya nne: Seli inakisukuma kiini pembeni, kisha inakitoa nje kabisa. Karibu yake huwa kuna seli kubwa walaji, na hao hukimeza kiini kilichotupwa.

Hatua ya tano: Seli iliyobaki bila kiini ni changa bado. Inakaa ulotoni siku moja au mbili, inaingia katika mishipa, na baada ya siku moja au mbili nyingine inakuwa seli nyekundu kamili. Safari yote huchukua takriban wiki moja.

Anayeamuru kazi hii iongezwe ni figo. Figo zikihisi kwamba oksijeni ni pungufu, hutoa homoni inayoitwa erithropoietini, ambayo huufikia uloto kwa njia ya damu na kuuhimiza. Ndiyo maana mtu anayekaa nyanda za juu sana, ambako oksijeni ni hafifu, huongezeka seli nyekundu. Na ndiyo maana mgonjwa wa figo wa muda mrefu mara nyingi hupungukiwa na damu.

Swali: Kwa nini seli itupe kitu chenye thamani kama kiini?

Jibu: Wataalamu hutaja faida zifuatazo. Kwanza, hupatikana nafasi ya himoglobini. Seli moja nyekundu hubeba himoglobini zipatazo milioni 270, na kila himoglobini moja hushika molekuli 4 za oksijeni. Zidisha mwenyewe uone kwamba mzigo wa seli moja unapita bilioni moja. Pili, seli isiyo na kokwa ngumu katikati huwa laini, imebonyea pande zote mbili, na huweza kujikunja. Upana wake ni kama mikromita 7 au 8, yaani elfu za milimita, lakini hupita katika mishipa iliyo myembamba kuliko upana huo.

Lakini faida hii ina gharama. Seli isiyo na kiini haiwezi kugawanyika. Haiwezi kutengeneza protini mpya kuziba pengo la zile zilizochakaa. Inaishi kwa kile ilichowekewa kabla kiini hakijaondoka, nayo hudumu kwa takriban siku 120 tu. Kisha hunaswa katika wengu, ini na uloto, na seli walaji huivunja. Madini ya chuma hurudishwa kutumika tena. Sehemu nyingine ya himoglobini hugeuka kuwa kitu cha rangi ya njano, ambacho ini hukitoa pamoja na nyongo. Ikumbukeni rangi hii ya njano, tutairudia.

Tufanye hesabu kidogo. Mtu mzima ana lita 5 za damu hivi, na lita 5 ni milimita za ujazo 5,000,000. Zidisha kwa seli 5,000,000, utapata seli trilioni 25. Gawa kwa siku 120, utapata seli zaidi ya bilioni 200 kwa siku. Gawa tena kwa sekunde 86,400 zilizomo katika siku, utapata zaidi ya milioni 2. Maana yake, wakati unasoma neno moja katika ukurasa huu, uloto wako umetoa seli nyekundu zipatazo milioni moja, bila wewe kuhisi lolote.

5. KUKU, NGAMIA NA MWANADAMU

Nilipokuwa sekondari, mwalimu wetu wa baiolojia alitwambia tulete damu ya kuku aliyechinjwa. Akaipaka kwenye kioo, akaitia rangi, akatuweka foleni kwenye hadubini moja. Kila seli nyekundu ya kuku ilikuwa na kitone cha zambarau katikati. Kisha akatuonyesha damu ya mtu, nasi hatukukiona kitone kile.

Seli nyekundu za ndege, samaki, vyura na nyoka hubaki na viini vyake. Wanyama wanyonyeshao huvitoa. Ngamia naye hana kiini katika seli nyekundu, ingawa seli zake ni za umbo la yai badala ya duara. Seli hizo huweza kuvimba sana bila kupasuka, jambo linalomfaa mnyama anayekaa na kiu siku nyingi kisha akanywa maji mengi kwa mara moja.

Kuna faida moja ya kujua hili hapa kwetu. Mtaalamu wa maabara akipima malaria, hutafuta ndani ya seli nyekundu kipete kidogo chenye kitone cha zambarau au chekundu. Kitone hicho ni kiini, lakini si cha seli. Ni cha kijidudu cha malaria kilichoingia humo na kuila himoglobini. Na kama seli nyekundu zenye viini vyake zenyewe zitaonekana kwa wingi katika damu ya mtu mzima, daktari hutambua kwamba kuna tatizo, kwa mfano upungufu mkubwa wa damu unaoufanya uloto utoe seli kabla hazijakomaa.

6. SELI NYEUPE HUTAMBULIWA KWA VIINI VYAKE

Seli nyeupe hazitupi kiini, kwa sababu kazi yake ni ya vita, na vita huhitaji maelekezo mapya kila mara. Mtaalamu huzitofautisha kwa kutazama umbo la kiini:

(a) Neutrofili. Hizi ndizo nyingi zaidi. Kiini chake kimegawika mapande 2 hadi 5 yaliyounganishwa kwa uzi mwembamba, mfano wa shanga. Umbo hili huisaidia seli kupenya kwenye ukuta wa mshipa na kuwafuata bakteria. Huishi muda mfupi, na usaha unaouona kwenye jipu, sehemu kubwa ni seli hizi zilizokufa vitani.

(b) Eosinofili. Kiini chake huwa na mapande mawili. Huongezeka mtu akiwa na minyoo au mzio.

(c) Basofili. Hizi ni chache sana, na kiini chake hufichwa na chembechembe nyeusi.

(d) Monosaiti. Ni seli kubwa zenye kiini cha umbo la figo au kwato ya farasi. Zikiingia katika nyama za mwili huwa seli walaji.

(e) Limfosaiti. Kiini chake ni cha mviringo, kimejaza karibu seli nzima. Baadhi hutengeneza kingamwili, na baadhi hubaki miaka mingi zikikumbuka ugonjwa uliokwishapita. Chanjo hufanya kazi kwa sababu ya kumbukumbu hiyo.

Ama chembe sahani, hizo kwa kweli si seli kamili. Katika uloto kuna seli kubwa mno ambayo kiini chake hunakili maelekezo tena na tena bila seli kugawanyika. Seli hiyo hurefusha mikono yake hadi ndani ya mishipa ya damu, na mikono hiyo ikakatika vipande maelfu. Vipande hivyo ndivyo chembe sahani. Havina kiini, na huishi siku 7 hadi 10 tu.

7. KOSA MOJA NDANI YA KIINI

Sasa turudi kwa mwanafunzi wangu. Ugonjwa wake unaitwa selimundu, na mitaani wengi huuita sikoseli.

Tumesema kwamba himoglobini hutengenezwa kwa maelekezo ya kiini kabla kiini hakijatolewa. Kwa mwenye selimundu, jeni ya sehemu moja ya himoglobini ina kosa dogo. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa ni tofauti. Mwaka 1956 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, Uingereza, alionyesha kwamba tofauti yenyewe ni kitu kimoja tu kilichobadilishwa katika mnyororo mrefu wa protini.

Kosa ni dogo, lakini athari yake ni kubwa. Himoglobini hiyo ikipungukiwa na oksijeni hujipanga kama vijiti vigumu, na seli hupinda ikawa na umbo la mundu. Seli ya namna hii hainami, hukwama katika mishipa myembamba na kuzuia damu. Hapo ndipo yanapokuja maumivu makali ya mifupa, kifua na tumbo. Seli yenyewe badala ya kuishi siku 120 huishi siku 10 hadi 20 hivi. Seli nyingi zinapovunjika kwa pamoja, ile rangi ya njano huzidi, na ndiyo inayoonekana machoni. Mtoto niliyemwita mvivu alikuwa na uloto unaofanya kazi usiku na mchana kuliko wa kwangu na wako.

Ugonjwa huu hauambukizi. Hauletwi na uchawi wala shetani mnyonya damu. Unarithiwa. Mtoto huugua akipokea jeni yenye kosa kutoka kwa baba na pia kutoka kwa mama. Akipokea moja tu, huwa mbebaji, na kwa kawaida haugui. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa robo moja kupata mtoto mgonjwa. Basi ni dhulma kumlaumu mama peke yake na kumwambia ameleta balaa katika ukoo. Wote wawili wametoa kwa usawa, na wote wawili walikuwa hawajui.

Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti kutoka Afrika Mashariki ulioonyesha kwamba mbebaji wa jeni moja hukingwa kwa kiasi fulani na malaria kali. Ndiyo maana jeni hii imeenea katika nchi zenye mbu wengi kama zetu. Tanzania peke yake inakadiriwa kuzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Lakini angalieni: mwenye ugonjwa wenyewe hana kinga hiyo. Kwake malaria ni hatari kubwa.

Je, kuna tiba? Ipo dawa ya haidroksiurea, ambayo huufanya uloto utengeneze tena himoglobini ya aina aliyokuwa nayo mtoto tumboni, na seli hazipindi kirahisi. Ipo njia ya kupandikiza uloto kutoka kwa ndugu anayelingana. Na mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ambayo seli mama za mgonjwa hutolewa, jeni iliyo ndani ya viini vyake hurekebishwa, kisha hurudishwa mwilini. Gharama ya tiba hiyo bado ni kubwa mno. Lakini tazameni walipokwenda wataalamu: hawakushughulika na seli nyekundu iliyokwishapinda mshipani, kwa kuwa hiyo haina kiini cha kurekebishwa. Walikwenda kwenye seli mama ulotoni, mahali maelekezo yanapotoka.

8. TUFANYE NINI?

Kwanza, tule vizuri. Himoglobini huhitaji madini ya chuma, yanayopatikana katika nyama, maini, dagaa, maharage na mboga za majani. Kiini nacho huhitaji foliki na vitamini B12 ili kinakili maelekezo yake. Vikikosekana, seli hukua kubwa lakini kiini hakikomai, na damu hupungua. Foliki imo katika mchicha, maharage na kunde, na B12 imo katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Msinywe chai pamoja na mlo, kwani chai huzuia chuma kisifyonzwe. Chungwa au embe husaidia.

Pili, tujikinge na minyoo ya safura inayonyonya damu matumboni. Tuvae viatu na tutumie choo.

Tatu, tulale ndani ya chandarua. Mwenye selimundu anahitaji chandarua zaidi ya wote, pamoja na kunywa maji ya kutosha, kujikinga na baridi, na kuhudhuria kliniki bila kukosa.

Nne, wenye umri wa kuoa na kuolewa wapime damu mapema. Kupima si kuvunja posa, ni kujua kabla ya kuamua.

Tano, wakubwa wachangie damu. Uloto hurudisha seli zilizotolewa katika wiki chache, na chuma huchukua muda zaidi. Kwa hiyo mwanamume hupumzika miezi 3 na mwanamke miezi 4 kabla ya kuchangia tena. Mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65, uzito kuanzia kilo 50, na afya njema. Nyinyi wadogo bado, lakini kaka, dada na wajomba zenu wanafaa. Waambieni.

Sita, msimcheke mwenzenu kwa macho yake wala kwa kukosa kwake darasa. Akikosa, mpelekeeni somo nyumbani. Mwanafunzi wangu yule alipokuwa akilazwa, wenzake walimwandikia somo la kila siku kwenye daftari, na mwaka ule alifaulu mtihani wake pamoja nao.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja kazi mbili za kiini cha seli.
2. Kwa nini si sahihi kusema kwamba damu hutengenezwa moyoni?
3. Eleza faida na gharama ya seli nyekundu kutokuwa na kiini.
4. Damu ya kuku na ya mwanadamu zikitazamwa kwa hadubini, utazitofautishaje?
5. Mtaalamu ameona kitone cha zambarau ndani ya kipete katika seli nyekundu ya mgonjwa. Kitone hicho ni cha nani?
6. Seli nyekundu iliyopinda haina kiini. Basi kosa la selimundu limetoka wapi?
7. Mwenzako amekosa darasa wiki nzima na macho yake ni ya njano. Utamfanyia nini?

Swali la saba halina alama. Mtalijibu kwa vitendo.

Wabillahi tawfiq.